Mizani ni ya Nani? Somo juu ya Unyonyaji na Haki ya Mkulima

Katika mji wa Makambako, pale njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoachana na njia ya Njombe na Songea, magari ya mizigo hupimwa uzito. Serikali iliweka mizani ili barabara isivunjwe na mizigo ya kupita kiasi, na mwenye gari aliyezidisha hutozwa. Ni jambo jema, kwa kuwa barabara ni mali ya taifa zima. Lakini twende mbele kidogo, tuingie katika vijiji vya nyanda za juu vilimavyo viazi mviringo. Huko mara nyingi gunia hununuliwa bila kuwekwa juu ya mizani yoyote. Mnunuzi hulijaza mpaka mdomoni, kisha hulishonea kipande kingine juu, hulijaza tena likapanda kama kichuguu, na mwisho hulipa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa, na hakuna mkulima wa viazi katika Njombe asiyeijua.

Basi, ndugu wasomaji, lami hulindwa kwa kilo, bali jasho la mkulima hukadiriwa kwa macho. Kwa nini iwe hivyo? Wengine husema ni kwa sababu wanunuzi ni watu wabaya. Wengine husema ni kwa sababu wakulima ni wajinga. Sisi twaona majibu hayo mawili hayatoshi. Kwa hiyo leo twapenda kuzungumza na jamaa zote, za shambani na za mjini, juu ya neno moja ambalo nchi yetu ililisema sana zamani na sasa hulisema kwa nadra, nalo ni unyonyaji.

Watu wa kushoto ni nani?

Vijana wetu warudio kutoka vyuoni husema habari za mrengo wa kushoto, na wazazi wengine hushtuka, maana wamesoma katika Injili ya Mathayo kwamba mbuzi ndio waliowekwa mkono wa kushoto. Wasishtuke. Msemo huu ulianzia Ufaransa mwaka 1789. Katika baraza la wakati ule, wajumbe waliotaka kupunguza enzi ya mfalme walikaa upande wa kushoto wa mwenyekiti, na waliotaka kuilinda wakakaa kulia. Tangu hapo mtu wa kushoto ndiye asemaye kwamba tofauti kubwa ya mali na madaraka kati ya watu haikuja kama mvua na jua. Imetengenezwa na watu, na kwa hiyo watu waweza kuitengeneza upya. Tena tukumbuke kwamba wale mbuzi wa Injili hawakuhukumiwa kwa ajili ya upande waliosimama. Walihukumiwa kwa kuwa walimwona mwenye njaa wakampita.

Walakini watu wa kushoto si wa namna moja. Karl Marx, Mjerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1867, alifundisha kwamba faida ya mwenye mali yatoka katika sehemu ya kazi ya mfanyakazi isiyolipwa. Wafuasi wake wengi wakasema dawa ni kuondoa umilikaji wa binafsi wa mashamba na viwanda, na kwamba vita kati ya matabaka haiepukiki. Baba Mtakatifu Leo wa XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliikataa dawa hiyo, akatetea haki ya mtu kuwa na mali yake. Lakini watu husahau upande wa pili wa barua ile ile. Alikataa pia neno la matajiri wa siku zake waliosema kwamba mshahara wowote ni wa haki maadamu pande mbili zimepatana. Alifundisha kwamba mtu akubaliye malipo haba kwa sababu njaa imemsukuma, huyo hakupatana, bali amelazimishwa.

Mafundisho haya ndiyo msingi wa somo letu. Mapatano yanaweza kuwa na sahihi, yakawa na mashahidi, na bado yakawa dhuluma, ikiwa upande mmoja waweza kungoja na upande wa pili hauwezi. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu juu ya ujamaa, akajitenga na pande zote mbili. Alikataa ubepari uliojengwa juu ya mtu kumnyonya mtu, na alikataa pia mafundisho ya kwamba lazima watu wa nchi moja wapigane tabaka kwa tabaka. Msingi wake aliutafuta katika jamaa ya Kiafrika, ambamo kila mmoja hufanya kazi na kila mmoja hula.

Kipande cha manamba

Tuanze na babu zetu. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, ukaenea katika Tanga, Morogoro na kwingineko. Mashamba yale yalitaka mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu. Kwa hiyo waajiri walikwenda kutafuta watu mbali, katika wilaya ambako serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha, lakini hapakuwa na reli wala zao la kuleta fedha hizo. Njombe ilikuwa mojawapo. Wabena, Wakinga, Wapangwa na jirani zao wakaondoka makwao, wakasafiri kwa miguu na kwa magari, kwenda kukata mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandika watu, nalo likajulikana kwa jina la Silabu.

Aliyeandikwa alipewa namba, na hapo ndipo lilipotoka jina la manamba. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi thelathini za siku za kazi. Siku aliyomaliza fungu lake aliwekewa alama, na kipande kilipojaa ndipo mshahara wake ulipotimia. Nani aliyeamua fungu la siku liwe kubwa kiasi gani? Ni mwajiri. Nani aliyeamua kama fungu limekamilika? Ni msimamizi wa mwajiri. Manamba alileta mikono yake tu. Kipimo cha kazi ya mikono hiyo kilikuwa mfukoni mwa mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa kushoto wamelieleza vizuri, na jamaa zetu zapaswa kulifahamu. Mshahara wa manamba ulikadiriwa kama wa mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Lakini wengi wao walikuwa na wake na watoto nyumbani. Ni nani aliyewalisha? Ni mke aliyebaki, kwa jembe lake, akilima mahindi na kulea watoto na kuwatunza wazee bila kulipwa senti na mtu yeyote. Basi shamba la mama wa Njombe lilikuwa likiusaidia mkonge wa Tanga, wala jina lake halikuandikwa katika daftari yoyote. Nchi yetu ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa ya kwanza ulimwenguni kwa mkonge. Sifa hiyo ni ya akina mama hao pia.

Kazi za mshahara zilifika Njombe yenyewe baadaye. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha huko kampuni ya miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Watu wengine wakaweza kufanya kazi na kurudi nyumbani jioni. Lakini swali la kipimo lilibaki pale pale.

Azimio na barua ya Pasaka

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Lilisema kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi kwa njia ya serikali yao na vyama vya ushirika. Kesho yake mabenki yakataifishwa. Tena Azimio liliweka masharti kwa viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Watu wakasema mirija imekatwa, kwa mfano wa wale wanywao pombe ya kienyeji kwa mrija, ambapo mmoja aweza kuvuta mpaka chungu kikauka na wenziwe wakabaki wakitazama.

Majuma saba baadaye, siku ya Pasaka, tarehe 26 Machi 1967, Baba Mtakatifu Paulo wa VI alitoa barua Populorum Progressio juu ya maendeleo ya mataifa. Hatusemi kwamba mmoja alimwiga mwenziwe. Lakini mwenye kusoma maandiko hayo mawili huona kwamba yalitazama jeraha moja. Papa alifundisha kwamba haki ya mali ya binafsi si haki isiyo na mpaka, na kwamba hakuna ajuzwaye kulimbika ziada wakati wengine wanakosa la lazima. Tena alilichukua fundisho la Leo juu ya mshahara, akalipeleka katika biashara ya mataifa. Alisema kwamba bei inayotoka sokoni kwa mapatano huru yaweza kuwa dhuluma, ikiwa wanaopatana hawalingani hata kidogo.

Tusinyamazie mema yaliyotoka katika siku zile. Watoto wa maskini walisoma, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa watoto wote ikaanzishwa. Watu wazima walifundishwa kusoma na kuandika. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za magharibi kukataa. Sehemu yake ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya kupanda milimani kutoka Mlimba hata Makambako. Kituo cha Makambako ni ukumbusho wa siku zile.

Litowa, na amri ya kuhamia vijijini

Lakini somo la haki halifai kuwa somo la kusifu tu. Njia ipitayo Njombe kutoka Makambako hufika Songea, na katika wilaya hiyo kipo kijiji cha Litowa. Mwaka 1960 vijana wa TANU walikwenda huko kuishi na kulima pamoja. Mwanzo ulikuwa mgumu, lakini walivumilia, na vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Katika vijiji hivyo wanakijiji wenyewe waliamua katika mkutano nini kilimwe, nani afanye kazi gani, na mapato yagawanywe vipi. Walikuwa na shule iliyofundisha kwa njia yao. Mwalimu aliwasifu, na wengi waliuona mfano huo kuwa ujamaa wenyewe.

Walakini viongozi wengi wa chama hawakupendezwa na vijiji vilivyojiamulia mambo yao. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile, na mali zake zikachukuliwa. Yatupasa kutafakari. Vijiji hivyo havikuvunjwa na mabepari wala na wageni. Vilivunjwa na chama kile kile kilichohubiri ujamaa, kwa kuwa kipimo kilikuwa mikononi mwa wanakijiji, na wakubwa walitaka kiwe mikononi mwao.

Yaliyofuata twayajua. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma kwa nguvu kilimo cha ujamaa, aliuawa na mkulima mmoja katika ugomvi juu ya shamba. Wakati huo Njombe ilikuwa wilaya ya mkoa ule ule wa Iringa. Damu ile ilipaswa kuwa onyo kwa wote. Hata hivyo mwaka 1973 kuishi vijijini kulifanywa amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Mwaka 1977 ilihesabiwa kwamba watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji. Wengi walikwenda kwa hiari, lakini wengi walihamishwa kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mwezi Mei 1976 serikali ilivunja hata vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vilikuwa vya wakulima wenyewe tangu zamani za ukoloni, na kazi yao ikapewa mashirika ya serikali.

Haki itendeke pia katika kusimulia. Serikali iliponunua mahindi kwa bei moja katika nchi nzima, mkulima wa nyanda za juu za kusini, aliye mbali na Dar es Salaam, alipata faida ambayo soko huria lisingempa. Lakini malipo yalipochelewa, hakuwa na chama chake cha kumsemea. Mizani ilikuwa imetoka mkononi mwa mfanyabiashara ikaenda mkononi mwa karani wa serikali. Kwa mkulima ilikuwa bado ni mizani ya mwingine.

Ni vema kujua kwamba hata wasomi wa kushoto waliliona jambo hili mapema. Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alieleza kwamba maofisa wa serikali wenyewe walikuwa wamekuwa tabaka linalotawala mali za umma. Baadaye, mwaka 1991 na 1992, aliongoza Tume ya Rais juu ya ardhi, ambayo ilipendekeza ardhi ya vijiji iwekwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani chini ya watu wazima wote wa kijiji. Serikali haikuyakubali yote, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliupa mkutano huo sauti ambayo kila mkulima apaswa kuifahamu na kuitumia.

Lumbesa

Sasa turudi katika gunia letu. Mwaka 1991, huko Zanzibar, Chama cha Mapinduzi kililegeza masharti ya uongozi ya Azimio. Biashara ya mazao ilikuwa imekwisha kufunguliwa kwa watu binafsi. Mkulima alipata wanunuzi wengi badala ya mmoja, na hilo lilikuwa jema. Lakini hakupata mizani.

Sheria haina shaka. Gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una kazi ya kusimamia. Viongozi wa serikali wamepiga marufuku lumbesa mara nyingi. Kwa nini basi haifi?

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme mkulima ameuza magunia 20, na kila gunia limezidi kwa kilo 20. Ziada yote ni kilo 400, yaani magunia manne kamili ambayo amelima, amepalilia, amepigia dawa, amechimba na kubeba, wala hakulipwa. Katika magunia manne hayo imo ada ya mtoto, bati la nyumba, na dawa ya bibi. Ziada hiyo imekwenda wapi? Sehemu imebaki kwa mnunuzi. Sehemu imepungua katika ushuru, maana mahali ambapo ushuru huhesabiwa kwa gunia, magunia machache makubwa hulipa kidogo kuliko mengi ya haki, na halmashauri nayo imeibiwa. Sehemu imetoka mgongoni mwa mpakizi, ambaye hulipwa kwa gunia na hubeba mzigo unaovunja uti wa mgongo. Na mama wa Dar es Salaam anunuaye viazi kwa fungu, yeye hapati hata kiazi kimoja cha ziada hiyo.

Hapa ndipo watupatapo msaada wale wasemao kwamba dhuluma ni mpango, wala si tabia tu. Tazameni. Mnunuzi mmoja mwenye dhamiri akija kijijini kununua kwa kilo, gharama yake ya usafiri na ushuru itakuwa kubwa kuliko ya mwenzake anunuaye lumbesa, na sokoni atashindwa. Mkulima mmoja hodari akikataa lumbesa, gari litasogea kwa jirani yake, na viazi vyake vitaoza, maana mvua hainyamazi na mkopo wa mbolea wadai. Hivyo mtu mwema, akiwa peke yake, huadhibiwa kwa wema wake. Katika hali hiyo kuhubiri wema bila kugusa mpango ni kumwagilia maji juu ya mwamba. Yatakiwa wote wabadilike siku moja, na hilo haliwezekani ila kwa sheria inayotekelezwa na kwa watu walioungana.

Wanunuzi nao wana la kusema, na ni haki wasikilizwe. Barabara za vijijini huharibika, gari hukwama, viazi huoza njiani, na mwenye gari ana deni. Hayo ni kweli. Lakini hasara ya barabara mbovu ihesabiwe waziwazi katika bei, mbele ya mkulima, ili naye aseme neno lake. Isifichwe ndani ya gunia. Bei ndogo iliyosemwa wazi yaweza kujadiliwa, bali kilo zilizofichwa haziwezi. Vitabu vya Musa na vya manabii vilikwisha kuwahukumu wenye mizani mbili na vipimo vya udanganyifu, miaka mingi kabla ya kuwapo chama chochote cha kushoto au cha kulia.

Yawezayo kutendwa

La kwanza, kila kijiji kiwe na mahali pamoja pa kuuzia, na mizani iliyokaguliwa, mbele ya macho ya wote. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 yakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kijiji kikikataza kuuza viazi nje ya mizani, hakuna gari litakalosogea kwa jirani, maana jirani naye amefungwa na sheria ile ile. Tena vijiji jirani vipatane, la sivyo gari litavuka mto tu.

La pili, ushuru uhesabiwe kwa kilo. Maadamu unahesabiwa kwa gunia, serikali yenyewe inamfundisha mnunuzi kushona lumbesa.

La tatu, wakulima warudi katika ushirika, lakini ushirika ulio wao kweli. Twajua kwamba neno hili huwachoma wengi, maana vyama vingine viliongozwa na wezi. Lakini mtu hatupi jembe kwa sababu mpini umevunjika. Daftari zisomwe mbele ya wanachama, viongozi wabadilishwe kwa kura, na chama kisiwe tawi la ofisi ya mkubwa fulani. Hayo tumejifunza kwa Litowa. Maneno haya yahusu parachichi pia, ambayo sasa yamejaza vilima vya Njombe na kupelekwa ng'ambo. Mwenye miti michache, akiuza peke yake, ataambiwa na mnunuzi lipi ni tunda la daraja la kwanza na lipi ni la kutupwa, kama vile babu yake alivyoambiwa kama fungu la mkonge limekamilika au halikukamilika.

Nyumbani mwetu

Ndugu wasomaji, ni rahisi kumwona mnyonyaji aliye juu ya gari. Tumtafute pia katika nyumba zetu. Wengi wetu huajiri vibarua wakati wa kulima, na kazi hugawanywa kwa ngwe. Je, ngwe hupimwa kwa kamba ijulikanayo, au kwa hatua za mwenye shamba aliye na miguu mirefu? Jua likichwa, kibarua hulipwa siku hiyo, au huambiwa arudi Jumamosi? Mkulima alalamikaye lumbesa asubuhi, naye akarefusha ngwe ya kibarua jioni, ameshona lumbesa yake mwenyewe.

Tena kuna binti zetu. Kutoka vijiji vya Njombe na Iringa mabinti wengi huchukuliwa kwenda kufanya kazi za nyumbani katika Dar es Salaam na miji mingine, mara nyingi kwa maneno ya mdomo tu kati ya mzazi na mgeni. Wao ndio manamba wa siku hizi, ila hawana hata kipande cha kuwekewa alama. Saa zao hazihesabiwi. Huamka kabla ya watu na kulala baada ya watu. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na yaweka saa 45 kuwa kikomo cha kazi ya kawaida kwa juma. Mzazi aulize: binti yangu atalala wapi, atalipwa kiasi gani na mikononi mwa nani, atapumzika siku gani, na kwa njia gani nitasikia sauti yake? Na mama wa mjini, anayesali nasi Jumapili, ajiulize kama yule aliyebaki nyumbani kupika naye ana Jumapili yake.

Mwaka 2025 Papa mpya alijichagulia jina la Leo, akisema kwamba alimkumbuka yule Leo aliyewasemea wafanyakazi mwaka 1891. Ni ishara kwamba swali la zamani halijafungwa. Kazi zabadilika, mitambo yabadilika, lakini bado lazima tuulize ni nani ashikaye mizani, na kama yule anayepimiwa aruhusiwa kuisoma. Wenye nguvu hupenda kutukumbusha kwamba mnyonge hana haki. Methali hiyo yasimulia yaliyoonekana duniani, haisemi yaliyo sawa. Mnyonge ana haki yake, ila akiwa peke yake haipati.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa na jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni vitu gani huuzwa bila kipimo cha haki, na ni nani anayefaidika?

2. Je, ni mapatano gani tumewahi kuyakubali kwa sababu tu hatukuweza kungoja? Tungalikuwa kumi, tungaliyakubali?

3. Vijiji vya Ruvuma vilijiamulia mambo yao vikavunjwa. Sisi twaweza kufanya nini ili mkutano wa kijiji chetu uwe na sauti kweli?

4. Kibarua wetu na mtumishi wetu wa nyumbani wangesema nini juu ya kipimo tunachowapimia, kama wangeulizwa na mtu wasiyemwogopa?